Mlizamu wa Mwalimu

Juzi, tulipomaliza kula, mwanangu alinisogezea simu yake mezani nitazame video. Wazungu wawili wazee walikuwa wamesimama mtoni, maji yakiwafika magotini, na mbele yao kisanduku cha alumini kinachojikunja kama sanduku la safari. Walikikunjua, wakakilaza kwenye mkondo, wakaanza kukimwagia mchanga kwa koleo dogo huku wakipiga soga.

"Mama, hawa wanatafuta dhahabu," akaniambia. "Na wala si kazi yao. Wamestaafu tu. Kisanduku chenyewe wanakinunua dukani."

Nilimwambia kwamba kisanduku hicho nakijua. Nikamwambia pia kuwa vizingiti vyake, vile vipande vinavyokatiza mkondo, viko juu mno, mchanga utajazana na dhahabu itapita juu yake. Aliniangalia kama mtu anayeanza kuogopa kwamba mama yake anazeeka vibaya. Basi ikanibidi nimsimulie, na kwa kuwa nimeshaanza, acha nikusimulie na wewe.

Nilizaliwa Kigali, Nyamirambo, upande wa Biryogo, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na Kinyarwanda lugha ya kila kitu kingine. Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, makopo ya kumwagilia bustani, na aliziba sufuria zinazovuja, lakini kazi iliyomjengea jina ni milizamu, ile mifereji ya bati inayokinga maji ya mvua chini ya paa. Karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu. Upande mmoja alikaa yeye na nyundo yake ya mbao na jiko la makaa la kupashia chuma cha kulehemu. Upande wa pili alikaa mama na cherehani. Mimi nimekua katikati ya sauti hizo mbili. Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kulehemia iliyoyeyuka natafuta kwa macho mahali mandazi yalipofunikwa, maana mama aliyachoma saa hiyohiyo ya asubuhi ambayo baba aliwasha jiko.

Ng'ambo ya ua wetu alikaa mwalimu na mke wake. Hawakuwa na watoto. Mwalimu alifundisha jiografia na sayansi, naye alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na suruali moja ya kodrai ya rangi ya kahawia, ile yenye vijifereji vidogo vidogo, ambayo wanafunzi wote waliijua. Oktoba ile ya mwaka wa tisini, vita vilipoanza kule mpakani, watu wengi wa mjini walikusanywa na kufungwa kwa kudhaniwa kuwa wanawasaidia waasi. Kitambulisho cha mwalimu kiliandikwa Mtutsi. Walimchukua mchana, akitoka shule.

Alirudi miezi sita baadaye, masika yakiwa yamekolea. Shule haikumrudishia kazi. Mke wake alianza kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na nyanya sokoni, na mwalimu akawa anakaa juu ya kreti ya soda chini ya paa lao, mikono juu ya magoti, tangu asubuhi hadi jua linapotua. Hakusema. Ukimsalimia alitikisa kichwa. Watu wa mtaa waliokuwa wakimsimamisha kila jioni wamwombe awasomee barua zao, sasa walipita upande wa pili wa njia.

Mama naye aliogopa. Sitaficha hilo. Baba alipokuwa akivuka ua kwenda kukaa naye, mama alisimamisha cherehani.

"Watu wanatuangalia," alisema.

"Mama watoto, yule ni jirani."

"Najua ni jirani. Na hao wanaotuangalia pia ni majirani."

Baba alivuka hivyohivyo. Alikaa naye, wakanyamaza wote wawili, akarudi.

Siku moja mvua ilipiga tangu asubuhi. Baba alikuwa ameegemeza mlizamu mmoja ukutani ajue kama unavuja, na maji ya paa yaliteremka ndani yake yakibeba mchanga. Mwalimu alikuwa upande wetu siku hiyo, baba alikuwa amemvuta kwa nguvu akanywe chai. Alikuwa ameyakodolea macho yale maji muda mrefu. Mara akanyoosha kidole kwenye kiungo cha mlizamu, mahali bati moja linapopandana na jingine, ambapo mstari mwembamba wa mchanga mweusi ulikuwa umejikusanya.

"Fundi," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, hata baba aligeuka kuangalia nani ameingia. "Ile nzito inabaki. Ukiweka vizingiti, hata dahabu inabaki."

Alizaliwa kaskazini, karibu na milima ambako watu waliosha dhahabu kwenye vijito kwa mihimili ya mbao iliyochimbwa katikati. Utotoni aliwatazama. Alisema yote hayo kwa sentensi fupifupi, akipumzika baada ya kila moja kama mtu anayepanda Mlima Kigali. Baba hakuwa na haja yoyote ya dhahabu. Sijawahi kumsikia akiitaja kabla ya siku hiyo. Lakini aliweka kikombe chini na kuuliza: "Vizingiti virefu kiasi gani?" Mwalimu akaomba kipande cha chaki.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Sakafu ya baraza ilijaa michoro. Mihimili ya huko kwao mwalimu ilikuwa mirefu kama kitanda cha watu wawili na haikuhamishwa. Ya kwetu ilibidi ibebwe, kwa sababu sisi tulikaa mlimani na vijito vilikuwa bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Na mama, bila kuinua macho kwenye kitambaa chake, alitoa sharti la pili.

"Kama kitaonekana kitu cha ajabu, hakitoki hapa. Siku hizi mtu akibeba kitu cha ajabu anaulizwa."

Kwa hiyo kikawa sanduku. Baba alikata vipande viwili vya mlizamu mpana, kila kimoja urefu wa mkono wangu mzima, akaviunga kwa bawaba ili vilaliane uso kwa uso. Juu akaweka mpini. Ukikifunga ni sanduku la bati kama yale ya wanafunzi wa bweni, ukikifungua ni mfereji. Tatizo lilikuwa kiungo: maji yalivujia hapo. Walibishana siku mbili. Mwisho baba akafanya kama anavyofanya kwenye paa, kipande cha juu kikapandia kidogo cha chini, na katikati akabandika utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Kukijaribu ndiko kulikotutoa jasho. Dhahabu hatukuwa nayo, ila baba alikuwa na risasi ya kulehemia, nayo ni nzito. Aliisaga kwa tupa ikawa punje ndogo kama chumvi ya mawe, mimi nikahesabu ishirini, tukazichanganya na mchanga kwenye karai. Kisha tukalaza mlizamu nyuma ya nyumba na kumwaga. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu punje zilizobaki, na kuleta maji. Kila jaribio lilikula majerikani manne kutoka bombani, na kichwa kilichoyabeba kilikuwa changu. Siku ya pili niliweka beseni la mama la kufulia mwishoni mwa mlizamu, tukawa tunatumia maji yaleyale tena na tena. Mwalimu alilitazama beseni, akanitazama mimi.

"Huyu mutoto ni injiniya," akasema. Nilitembea na neno hilo wiki nzima.

Mara ya kwanza zilibaki punje sita. Vizingiti vilikuwa virefu mno, mchanga ulijipanga nyuma yake ukawa mgumu kama saruji. Baba akavipunguza. Tisa. Mwalimu akalala kifudifudi kwenye matope, yeye aliyekuwa haondoki kwenye kreti, shavu likigusa ardhi, aone maji kwa ubavuni.

"Punje inakuja," alisema akiwa palepale chini, "inataka kulala, lakini maji inaisukuma. Weka kizingiti kiiname kidogo. Maji ijizungushe nyuma yake. Hapo italala."

Baba aliviinamisha, akapunguza na mteremko, ukawa wa vidole vitatu tu kutoka juu hadi chini. Kumi na nne. Nilimwona mama amesimama mlangoni, uzi mdomoni, akitazama. Alipoona nimemwona, aliingia ndani.

Zilizobaki zilitushinda. Zilikuwa zile ndogo kabisa, na zilihitaji kitu cha kuzishika chini ya vizingiti. Tulijaribu gunia, likashika tope. Tulijaribu kipande cha blanketi, kikashika kila kitu na hakikutaka kuachia. Mwalimu akasema anahitaji kwenda nyumbani kufikiri, na kwa siku tatu hakuvuka ua. Nilidhani amerudia hali yake ya zamani.

Siku ya nne alikuja na suruali ya kodrai mkononi, imekunjwa vizuri. Hakumpa baba. Alienda moja kwa moja kwenye cherehani.

"Shemeji," akasema, "nina kitambaa."

Mama aliikunjua. Magotini ilikuwa imechanika, na juu ya paja kulikuwa na doa ambalo sabuni ilikuwa imelifanya liwe jepesi bila kuliondoa.

"Ndiyo nilivaa siku ile wamenichukua," mwalimu akasema. "Nilikaa nayo huko miezi yote. Kuvaa siwezi tena. Kutupa nayo siwezi."

Baba aliacha kugonga. Mama aliiweka suruali mapajani, akaipitishia kiganja polepole kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, kama anavyofanya kwa kitambaa cha mteja anayemheshimu.  Halafu akachukua mkasi.

"Niambie, shemeji," akamuuliza. "Hii mifereji yake ifuate maji, au iyakate?"

"Iyakate," mwalimu akasema.

Mama alikata miguu yote miwili, akapata vipande viwili safi, akashona mapindo na kuweka vitanzi vya kamba pembeni ili vitolewe na kuoshwa. Siku hiyohiyo tulijaribu. Nilihesabu mara tatu ili nisikosee: kumi na tisa. Ya ishirini hatukuiona tena, na baba akasema imetangulia mto Nyabarongo kutuwekea nafasi. Jioni ile mama alinipa sahani ya mandazi niipeleke kwa mwalimu. Nilitaka kupitia nyuma, kwenye tundu la ua, nisionekane. Alinishika bega.

"Pitia njiani," akasema. "Wacha waone."

Kiangazi cha mwaka huo, kila Jumapili, tuliteremka bondeni. Baba alibeba sanduku, mwalimu koleo na karai, mimi kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Kijito chenyewe hakikuwa na sifa yoyote, upana wake mtu mzima angeuruka, kikiteremka kati ya mashamba ya mihogo kwenda kukutana na Nyabarongo. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vifundo. Mwalimu alichagua mahali: pale kijito kinapopinda, upande wa ndani wa kona, kwa sababu maji huchoka hapo na kutua mizigo. Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya darasani, na niliona baba akitabasamu huku ameinama.

Jumapili mbili tulipata mchanga mweusi tu. Ya tatu, mwalimu aliosha kodrai ndani ya karai, akazungusha, akamwaga, akazungusha, kisha akasimama kabisa. "Njoo, injiniya. Weka kivuli." Nilitandaza khanga yangu juu ya karai. Alitaka kivuli kwa sababu vipande vya mawe yang'aayo hufa jua likiondoka. Punje hizi hazikufa. Zilikuwa saba, nyembamba kama magamba ya ndagala, za manjano hata kivulini. Alizichukua moja moja kwa njiti ya kiberiti aliyoilowesha ulimini, akazitia kwenye kichupa cha dawa ya sindano kilichojaa maji.

Baba aliuliza kama zinatosha kitu chochote.

"Hapana," mwalimu akasema. Uso wote ulikuwa umefunguka.

Kufikia mwisho wa Agosti kichupa kilikuwa na dhahabu ya kufunika ukucha wa kidole changu kidogo. Na siku hiyo, tukipanda kurudi, tulikuta bariye ambayo asubuhi haikuwapo: gogo limelazwa njiani, vijana watatu, mmoja wao amevaa sare na ana bunduki. Waliomba vitambulisho. Cha baba walikitazama wakakirudisha. Cha mwalimu yule mwenye sare alikishika, hakukirudisha.

"Fungua hiyo sanduku."

Baba alifungua. Maji yaliyobaki yakamwagika kwenye viatu vyake.

"Ni nini hii? Ni mashini ya redio?"

"Ni mlizamu," baba akasema. "Mimi ni fundi bati. Nimeutengeneza mimi."

"Sikuulizi wewe. Naongea na huyu." Alimgeukia mwalimu. "Mfukoni iko nini?"

Nilimshika baba mkono. Mwalimu alitia vidole kwenye mfuko wa shati. Alitoa kichupa.

"Ni dahabu," akasema.

Vijana wawili walicheka. Yule mwenye sare alikiinua juani, akakitikisa, magamba yakapepea majini na kutua. Alikitazama kwa muda, uso wake ukawa wa kitoto kidogo. Kisha akakitia mfukoni mwake, akamtupia mwalimu kitambulisho chake chini.

"Ondokeni."

Tuliondoka. Hatukutazama nyuma wala hatukukimbia. Tulipopinda kona ya kwanza mwalimu aliketi ghafla kando ya njia, akafunika uso, mabega yakimtikisika. Baba alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Mwalimu, pole. Pole sana. Tutapata nyingine."

Mwalimu aliondoa mikono usoni. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashindwa kupumua, akionyesha sanduku kwa kidole.

"Fundi! Amechukua mavumbi... amechukua mavumbi, ameacha mashini!"

Baba alianza naye. Walicheka kama watu wamelewa, wawili hao ambao hakuna aliyewahi kuonja pombe mbele yangu, na mimi nikacheka kwa kuwaona. Tulifika nyumbani bado tukicheka. Mama alituambia baadaye kwamba alitusikia kabla hajatuona, na kwamba alipoisikia sauti ya mwalimu alisimamisha cherehani asikilize.

Tuliendelea mwaka uliofuata, na mwingine, pale njia ziliporuhusu. Mwalimu alianza kufundisha watoto wa mtaa barazani kwetu, jioni, akitumia chaki ileile ya michoro. Hesabu zote ninazojua amenifundisha yeye, kati ya nyundo na cherehani.

Aprili ya mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, mwalimu na mke wake walivuka ua asubuhi ya kwanza. Mama ndiye aliyefungua mlango, kabla hawajagonga. Mama alimlaza mke wa mwalimu chumbani mwake, nyuma ya marobota ya vitambaa. Mwalimu alijificha karakana, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Siku ya tisa watu walikuja. Baadhi yao walikuwa wamesomewa barua zao na yeye. Baba aliwaambia hakuna mtu, wakampiga rungu kwenye kiganja cha kulia, wakaanza kwenda kwenye chumba cha mama. Bati haliwezi kusogezwa kimya. Nilisikia mabati yakigongana, na sauti yake ya darasani.

"Niko hapa."

Alitoka mwenyewe. Walimchukua, na hawakuingia chumbani. Mke wake aliishi. Yuko Gahanga mpaka leo, analima maharage, na anapiga simu kila Ijumaa kumuuliza mama kama amekula.

Nyumba yetu iliibiwa kila kitu cha chuma, na mlizamu ulikwenda na mengine. Huenda uliishia kwenye paa la mtu. Kile kijito kimeingizwa kwenye mtaro wa saruji na juu yake kuna nyumba za ghorofa. Nilikwenda kukitafuta nikakutana na mlinzi aliyeniuliza nina miadi na nani. Barazani kwetu panauzwa vocha. Mkono wa baba haukurudi kushika nyundo kama zamani, na watoto wa siku hizi, wakisikia mvua inavyoliimbisha bati, wanalalamika kwamba hawasikii televisheni.

Lakini kuna siku moja ambayo haijanitoka. Ilikuwa kwenye gacaca, ile mahakama ya watu wa mtaa, tumekaa nje kwenye mabenchi, waliofanya mauaji upande mmoja na sisi upande mwingine. Baba aliitwa kutoa ushahidi. Msimamizi, mwanamke mmoja mpole ambaye hakuwa wa mtaa wetu, alimuuliza jinsi alivyomfahamu marehemu. Walikuwa ndugu?

"Hapana."

Walikuwa na biashara pamoja?

"Hapana."

"Sasa mzee, uhusiano wenu ulikuwa nini?"

Baba aliizungusha kofia mkononi, nikaona anatafuta neno na kila analolipata halitoshi. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu waliinama ili waisikie:

"Tulikuwa tunacheza. Mtoni."

Watu wawili watatu waliguna, mmoja akacheka. Msimamizi aliinua kalamu, hakujua aandike nini. Ndipo mke wa mwalimu aliposimama kwenye benchi la mbele.

"Andika," akamwambia. "Ni kweli. Walikuwa wanacheza."